Jinsi nilivyoiondolea ukungu runinga yangu ya projekta ya nyuma

Nilikuwa nimeisubiri picha ya HD kwa hamu. Runinga yangu ni ya projekta ya nyuma, ile aina ya zamani yenye mirija mitatu ndani inayorusha picha kwenye kioo cha mbele, na king'amuzi nilichonunua kilikuwa cha HD. Nilipowasha mechi ya kwanza, moyo ulivunjika. Nyuso za wachezaji zilikuwa kama zimepakwa mafuta, nyasi za uwanja zikawa zulia moja la kijani, na namba za matokeo zilikuwa na kivuli chekundu kushoto na kingine cha buluu kulia. Runinga ndogo ya chumbani ilionyesha vizuri kuliko hii.

Kosa la kwanza lilikuwa langu na lilirekebishika upesi. Nilikuwa nimeunganisha king'amuzi kwa ile kebo moja ya njano, ambayo haibebi HD hata kidogo. Inapitisha picha ya kawaida tu. Nikaweka kebo tatu za nyekundu, kijani na buluu, kisha nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi na kuchagua 1080i, moja ya aina za picha ya HD, kwa sababu runinga yangu haipokei aina nyingine, 720p. Picha ikapata uhai kiasi, lakini ule ukungu ulibaki.

Nikageukia menyu ya runinga. Kiwandani walikuwa wameacha kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) juu kabisa, na ukali wa kingo za picha vilevile. Kwa runinga ya mirija hilo ni baya mara mbili: mwale ukizidi nguvu, kila nukta ya mwanga inavimba na kufunika ya jirani yake, na mrija wenyewe unaungua mapema, hasa pale nembo ya chaneli inapokaa saa nyingi. Ukali nao hauongezi chochote kwenye picha, unachora tu mstari mweupe kuzunguka kila kitu. Nilishusha kontrasti karibu na nusu na ukali karibu na sifuri. Siku mbili za mwanzo niliona picha imefifia, kisha macho yakazoea na nikaanza kuona mikunjo ya jezi.

Kazi kubwa ilikuwa kulandanisha rangi. Ndani ya runinga hizi kila rangi ina mrija wake na lenzi yake, na picha tatu hukutana kwenye kioo cha mbele. Zikipishana hata kwa upana wa uzi, HD inapotea, maana yale mambo madogo ndiyo yanayofunikwa kwanza. Niliiacha runinga ikiwaka nusu saa ipate joto (ikiwa baridi mistari inahama yenyewe baadaye, nilishapoteza jioni nzima kwa kutojua hilo), halafu nikafungua kimia cha mistari kwenye menyu. Katikati palikuwa na msalaba ambao ulipaswa kuwa mweupe. Wangu ulikuwa misalaba mitatu. Kijani huachwa kilipo, ndicho kipimo. Unasogeza nyekundu juu yake kwa vitufe vya rimoti, hatua moja moja, mpaka igeuke njano, kisha unaleta buluu na mstari unakuwa mweupe. Nilipomaliza katikati nikahamia kwenye pembe, na kila pembe niliitazama nikiwa mbele yake moja kwa moja, kwa sababu ukitazama kwa ubavu kioo kinakudanganya. Pembe ya chini kulia ilinichukua muda kuliko nyingine zote.

Usiku ule ule namba za matokeo zikawa nyeupe bila kivuli. Nilikaa nikizitazama hizo namba tu.

Kilichobaki kilikuwa vumbi. Hapo nilimwita fundi, na ninamsihi yeyote asifungue mwenyewe: ndani kuna makumi ya maelfu ya volti, na umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Lenzi zilikuwa na utando wa kijivu wa miaka. Kioo kikubwa cha kuakisi alikifuta kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kimepakwa utando wa kuakisi upande wa mbele, si nyuma kama cha kujitazamia, na kitambaa kikavu kingekichubua. Alikaza pia fokasi ya lenzi ya kijani, rangi inayobeba sehemu kubwa ya undani tunaouona. Weusi ukarudi kuwa weusi.

Haijawa kama runinga bapa ya kisasa, na mirija midogo ya aina hii haiwezi kuchora pikseli (nukta za picha) zote 1920 za upana wa HD. Lakini sasa nyasi ni nyasi. Tatizo ni kwamba ulandanishi hauketi milele: nilipoigeuza runinga kwenda ukuta mwingine, usumaku wa dunia ulitosha kuisogeza mistari, na nikalazimika kurudi tena kwenye ule msalaba wa katikati.