Malimau ya Mama yalivyonifundisha kudaka mpira wa Kimarekani

Nilifika Columbus, Ohio, nikiwa na miaka 15. Tanga nilikuwa golikipa tangu shule ya msingi, kwa hiyo mjomba wangu, aliyetutangulia Marekani miaka mingi, alinipeleka mwenyewe kwenye mazoezi ya timu ya shule. "Wewe ni mdaka mlango, bwana. Ule mpira wao utaudaka umefumba macho." Ushauri ule ulinipotezea mwezi mzima, na nikisikia kijana mgeni akipewa maneno yale, siwezi kunyamaza.

Golikipa hukumbatia mpira kifuani. Mpira wa kule una ncha mbili, una urefu wa kama sentimita 28, na kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi, akiutupa huja ukizunguka kama pia. Ukiupokea kifuani unakutana na zile pedi ngumu tunazovaa, unadunda na kuruka juu. Na ukishaelea hewani, beki wa upande wa pili ana haki ya kuudaka kama wewe, kisha timu yake inaondoka nao. Siku moja mazoezini nilisababisha hasara hiyo mara tatu.

Kocha alinionyesha mikono inavyokaa. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba na vya shahada vikaribiane viache pembetatu, na ncha ya mpira uitazame ndani ya pembetatu ile. Ukija chini ya kiuno unageuza viganja na kukutanisha vidole vya mwisho. Kichwa kilielewa siku ileile, lakini mikono ilikataa.

Halafu Jumapili moja Mama alikuwa jikoni akiandaa kachumbari, akanirushia limau nimkatie. Nikalidaka, likalia pa! kiganjani. Nikalitazama: ncha huku, ncha kule, mpira mtupu! Nikamrudishia nikamwomba arushe tena. Likalia tena. Mama hajui kanuni hata moja ya mchezo ule, lakini ndiye aliyeliona kosa langu. "Mbona unalipiga kofi? Lipokee, baba, kama unavyopokea mtoto mchanga."

Tukaweka sharti: limau likilia, halihesabiki. Ili lisilie, mikono inabidi ilifuate njiani kisha irudi nalo kidogo, na vidole vilishike kabla kiganja hakijaguswa. Kila jioni baada ya chakula Mama alirusha malimau 50, mengine makusudi pembeni au miguuni. Baadaye nikaandika namba kwenye ncha kwa kalamu ya wino mzito, na nikawa naitaja kwa sauti kabla limau halijafika. Hapo ndipo macho yangu yalipoacha kumtazama mrushaji yakabaki kwenye tunda mpaka linapotulia. Mfuko wa malimau ulikuwa dola tatu nne hivi, na yaliyopondeka tulikamua juisi. Glavu nilizonunua kwa dola arobaini na kitu zilinisaidia siku za baridi tu.

Kuhusu kanuni, muulize kocha mapema atakupanga wapi, kwa sababu si kila mchezaji anaruhusiwa kudaka pasi ya mbele. Wenye jezi namba 50 hadi 79 kwa kawaida kazi yao ni kuzuia. Na usimsukume beki ili upate nafasi, refa atarusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa.

Kanuni iliyoniumiza mimi ni ya miguu. Mjomba, mtazamaji mkubwa wa NFL, ligi yao ya kulipwa, aliniambia pasi haikubaliki mpaka miguu yote miwili itue ndani ya uwanja. Huko NFL ni kweli. Katika mechi yangu ya nne nilidaka kandokando ya mstari, vidole tupu, safi kabisa, na mguu wa kulia ukatua ndani. Ningejiachia nitoke nje nikiwa nimeushika, pasi ingehesabiwa, kwa sababu sekondari na vyuoni mguu mmoja unatosha. Mimi nikaung'ang'ania wa pili, nikajipinda, nikaangukia kiwiko, na mpira ukachomoka ulipogusa nyasi. Refa akapunga mikono: haijakamilika. Kocha hakusema neno. Aliinua kidole kimoja tu, na mpaka leo nakiona.

Na hata wakubwa, kanuni ya kuushika mpira mpaka chini imewaliza. Dez Bryant, mdakaji wa timu ya Dallas, alinyimwa pasi kule Green Bay Januari 2015 kwa sababu mpira uliyumba alipofika chini, watu wakabishana miaka, na mwaka 2018 NFL ikaiandika upya kanuni hiyo.

Kwa hiyo nikishadaka, sikimbii kwanza. Nauingiza mpira mkononi: vidole vimefunika ncha ya mbele, ncha ya nyuma imebanwa kwenye mkunjo wa kiwiko, ubavu umeugusa. Kisha ndiyo miguu.

Mwisho wa Oktoba, baridi kali, nilitumwa katikati ya uwanja. Pasi ilikuja juu, beki yuko mgongoni nasikia pumzi yake. Niliona mishono ya mpira ikizunguka, nikauchukua, nikaangushwa palepale nikiwa nao. Timu ikasonga mbele yadi 14.

Mama alikuwa jukwaani amejifunika kanga juu ya koti. Tulipofika kwenye gari hakuuliza nani ameshinda.

"Ulilia?"

"Haukulia, Mama."