Nilizaliwa Jumamosi

Kwenye pasi yangu ya kusafiria nimezaliwa tarehe 1 Julai 1974. Tarehe hiyo aliiandika mwalimu mkuu siku niliyopelekwa kuanza darasa la kwanza, huko Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Aliniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Nikalifikia, nikakubaliwa. Alipomuuliza baba nilizaliwa lini, baba akajibu, "Mwaka ule wa Operesheni." Ni Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya. Mwaka ukajulikana, siku na mwezi mwalimu akavijaza mwenyewe. Tarehe hiyo imenifuata kwenye cheti cha darasa la saba, chuo cha ualimu, ndoa, viza, mpaka leseni yangu ya udereva ya hapa Iowa, Marekani.

Kwa hiyo tangu tuhamie Des Moines, kila Julai mosi wanangu wamekuwa wakinikatia keki. Mwaka 2024 nilikuwa natimiza miaka 50, wakataka safari hii iwe sherehe kubwa. Mwezi Juni nikampigia mama kumweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, Julai tulikuwa bado kijiji cha zamani. Wewe nimekuzaa tumeshahamishwa. Ilikuwa Jumamosi, siku mbili baada ya Kupalizwa Bikira Maria."

Miaka hamsini sikuwahi kumuuliza. Niliona aibu pale pale na simu mkononi. Mimi ni mwalimu, nimejaza tarehe za kuzaliwa za watoto wa watu kwenye rejista miaka chungu nzima, na ya kwangu sikuwahi kuiulizia kwa aliyekuwepo.

Nikawaambia watoto keki isubiri. Kupalizwa ni tarehe 15 Agosti, basi sherehe ikawa tarehe 17, nayo mwaka huo iliangukia Jumamosi.

Agosti hapa ni joto na mahindi. Ukitoka mjini dakika ishirini tu, shamba linaanza na halimaliziki machoni. Mengi ya hayo ni ya mifugo na viwanda, lakini pembeni mwa barabara wakulima wanauza mahindi matamu ya kula. Baba watoto alinunua gunia. Tatizo la mahindi haya ni ulaini: ukiyaweka kwenye makaa hayakupi ule ukavu unaopasuka jinoni, yanatoa maji na sukari. Tukayachoma hivyo hivyo, tukapaka ndimu na pilipili, na hayakubaki. Mbuzi tulimpata kwa mfugaji nje ya mji. Majirani Wakongo walileta sombe, nyumbani tunaita kisamvu, imeungwa kwa mawese. Warundi wakaja na dagaa wakavu na ugali wa muhogo. Mtu wa Kigoma akikaa kwenye meza ya namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba sote tumekulia pande za ziwa moja, Tanganyika. Kiha changu na Kirundi chao tunasikilizana bila mkalimani.

Wengi wa wageni hao ni wanafunzi wangu. Jioni, mara mbili kwa wiki, nafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wao waliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, jirani kabisa na kwetu Kasulu, kabla ya kuletwa Marekani. Darasa lina watu 19, na 11 kati yao makaratasi yanasema wamezaliwa Januari mosi. Mkimbizi asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo. Somo la kwanza ninalofundisha ni kujaza fomu: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Nimewasikia wakisoma kwa sauti mmoja baada ya mwingine, Januari mosi, Januari mosi, na kila mara kuna anayeshusha sauti anapofika hapo.

Saa saba mchana mama akapiga, kwao ni saa tatu usiku. Nilikuwa nimelowa chapachapa, maana vijana wangu wawili walijificha nyuma ya gari na ndoo wakanimwagia maji kama tulivyokuwa tukifanyiana chuoni. Binti yangu mkubwa akaweka simu kwenye spika, juu ya meza, katikati ya sahani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama yako yuko wapi? Nataka nimwambie mbele ya watu."

Akasimulia. Lori liliwashusha mahali penye vigingi vya kupimia viwanja na majani makavu. Siku ya tatu uchungu ukaanza. Kibanda walichojenga kilikuwa na paa nusu, mlango hakuna. Wanawake wanne aliokuwa amesafiri nao kwenye lori, wawili hata majina hakuwa ameyajua bado, wakasimama nje wameshika khanga, mkono kwa mkono, zikawa ukuta. "Upepo ulikuwa unazipeperusha, wanazivuta chini. Walisimama hivyo tangu asubuhi mpaka jua likakaa utosini. Hapo ndipo ulipolia."

Uani kukawa kimya. Mimi nilikuwa nalia, wala sikujificha.

Binti yangu akachukua simu yake, akatafuta kalenda ya mwaka 1974. Akarudisha miezi, akaniinulia kioo nione. Tarehe 17 Agosti ilikuwa Jumamosi. Mama hajawahi kumiliki kalenda ya mwaka huo, alikuwa ameihifadhi kichwani pamoja na sikukuu na zile khanga.

Ndipo mama mmoja wa Fizi, mkubwa kuliko wote darasani kwangu, akasogea akamshika binti yangu bega. "Na mimi niangalilie. Mama yangu alisemaga nilizaliwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa uhuru wetu." Uhuru wa Kongo ni 1960. Binti akatafuta: Pasaka mwaka huo ilikuwa tarehe 17 Aprili. Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaandika kwa herufi kubwa: JUMATATU, 18 APRILI 1960. Mama yule akaisoma mwenyewe, polepole, kwa Kiingereza nilichomfundisha, sauti juu mpaka mwisho. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge anapofungia hela.

Keki ilikuwa bado haijakatwa. Mzee mmoja wa Kirundi akavuta kiti karibu na binti yangu. "Mimi ni mwaka ziwa lilipojaa," akasema.

Binti akanitazama. Nikavuta na mimi kiti.

"Endelea, mzee. Mahindi yalikuwa yamekomaa, au bado mabichi?"