Kabla bendi haijapiga: sauti katika baa na mgahawa mdogo

Ingia ukumbini mchana, wateja wakiwa hawajafika, simama katikati, piga kofi moja la nguvu. Sikiliza ile sauti inavyokufa. Ikikatika papo hapo, bendi yoyote inayojua kazi itasikika humo. Ikibaki inazungukazunguka kutani na kutoa mlio kama wa bati linalogongwa, hata spika za gharama kubwa zitaongeza kelele tu. Baa na migahawa mingi yenye bendi humaliza bajeti kwenye spika, kisha kila wikiendi malalamiko ni yale yale: maneno ya mwimbaji hayasikiki, wa meza ya mbele wanaziba masikio, wa nyuma wanaulizana kinachoimbwa. Kosa huwa limefanyika mapema zaidi, kwenye chumba chenyewe na kwenye mpangilio wa jukwaa.

Chumba kina hesabu yake. Aliyeipata ni Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Harvard, aliyepewa mwaka 1895 kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara ambamo msemaji alikuwa haeleweki. Alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anapima kila mara sauti inachukua muda gani kufa. Kanuni yake inatumika hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawa kwa eneo linalonyonya sauti, na jibu ni sekunde ambazo mwangwi unachukua kufa.

Tuchukue ukumbi wa mita 10 kwa 8, dari likiwa mita 3 juu. Ujazo ni mita za ujazo 240. Sakafu ya vigae, dari la zege na kuta za plasta vina jumla ya mita za mraba 268, lakini nyuso ngumu kama hizo hunyonya kama asilimia 5 tu, sawa na mita za mraba 13 na kidogo. Piga hesabu: mwangwi wa karibu sekunde 2.9. Huo unafaa kwaya, haufai bendi yenye dramu. Sasa waingie watu 60. Mtu mmoja aliyevaa nguo hunyonya kitu kama nusu mita ya mraba, pungufu kidogo, na mwangwi unashuka hadi karibu sekunde 1. Ndiyo maana mitambo iliyopimwa saa kumi jioni ukumbi ukiwa mtupu hugeuka kabisa saa tatu usiku. Fundi alikata sauti za juu kwa sababu chumba kilikuwa kinapiga kelele. Watu wakijaa, muziki unasikika kama umefunikwa blanketi.

Ongeza kwenye ukumbi huohuo mita za mraba 20 za paneli nene zinazonyonya asilimia 80. Ukiwa mtupu mwangwi unakuwa kama sekunde 1.4, ukijaa ni 0.7. Mwangwi umepungua, na zaidi ya hapo pengo kati ya ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa limekuwa dogo, kwa hiyo alichopanga fundi jioni kinabaki na maana usiku. Kwangu mimi hayo ndiyo matumizi ya kwanza ya fedha, kabla ya spika mpya na kabla ya taa.

Paneli yenyewe si kitu cha ajabu. Ni fremu ya mbao iliyojazwa nyuzi za madini zilizoshindiliwa, unene sentimita 5 hadi 10, ikafunikwa kitambaa. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita, na sauti itapita iende ikanyonywe. Kisipopitisha pumzi, umejenga ukuta mwingine. Ukiacha nafasi ya sentimita chache kati ya paneli na ukuta, inakamata na sauti za chini zaidi. Trei za mayai hazisaidii kitu. Sponji nyembamba hunyonya sauti kali za juu tu, ikaacha ngurumo ya kati na besi vilevile zilivyokuwa.

Na sponji isiyo na kinga ya moto usiiweke kabisa. Februari 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji ya kuzuia sauti, wakafa watu 100. Januari 2013, moto wa namna hiyohiyo katika klabu ya Kiss, mjini Santa Maria, Brazili, uliua watu 242. Moshi wa sponji una sumu na humjaza mtu mapafu kabla hajaona mlango. Fataki ndani ya nyumba, hapana. Mlango wa dharura kufungwa kwa kufuli ili wateja wasitoroke bila kulipa, hapana.

Paneli za kwanza ziende nyuma ya bendi. Wengi huzipeleka ukuta wa mbali, lakini hebu fikiri maiki inatazama wapi. Inamtazama mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta. Kila kinachogonga ukuta ule kinarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Ukuta huo ukiwa wa kioo au vigae, mluzi wa spika utaanza mapema, na dramu zitaingia kwenye maiki ya kuimbia kwa nguvu karibu sawa na sauti ya mwimbaji. Jukwaa pia lisitazame kaunta kwa karibu, maana anayepokea oda asiposikia, huduma ya ukumbi mzima inavurugika.

Tukija kwenye mluzi wenyewe, ambao mafundi wengine huuita athari ya Larsen kwa jina la mwanafizikia wa Denmark: sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, duara halikatiki. Dawa ya kwanza ni umbali. Spika kuu zikae mbele ya mstari wa maiki, mita moja au zaidi, na sehemu ya spika inayotoa sauti za juu ipite vichwa vya waliosimama, yaani kama mita 2 kutoka sakafuni. Spika iliyowekwa chini inawaumiza wa meza ya kwanza, na miili yao inawazuilia walio nyuma.

Dawa ya pili iko mdomoni mwa mwimbaji. Maiki ikiwa sentimita 20 kutoka mdomoni, ukiisogeza hadi 10 unapata desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 za bure. Ukifika 5 unapata 12. Hakuna kitufe kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kinachotoa zawadi ya namna hiyo. Mwimbaji anayeshika maiki mbali kisha akadai aongezewe anaomba mluzi. Na anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja anaiharibu kabisa, kwa sababu yale matundu ya pembeni na nyuma ndiyo yanayoiwezesha kukataa sauti zisizotoka mbele. Ukiyaziba, maiki inasikia pande zote.

Monita, yaani spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, nayo ina mahali pake, na mahali hapo hutegemea aina ya maiki. Maiki ya kadioidi, kama SM58 ambayo Shure waliitoa mwaka 1966 na bado imejaa majukwaani, haisikii vizuri nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita inawekwa mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Maiki ya supakadioidi ni tofauti: pale nyuma kabisa inasikia kidogo, na upofu wake uko kwenye nyuzi kama 126 kutoka mbele yake, kila upande. Hapo monita moja ya katikati ni kosa. Weka mbili, kushoto na kulia. Wako wanaonunua maiki za bei zaidi wakashangaa mluzi kuongezeka, kumbe monita haikuhamishwa.

Funga maiki zisizotumika. Kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki nane kwenye dramu za ukumbi wa watu 60 sizioni kuwa na kazi. Ya teke, ile dramu kubwa ya mguu, inatosha, mara nyingi hata hiyo haihitajiki.

Dramu ndizo zinazopanga kila kitu kingine. Ala isiyoweza kupunguzwa kwa kitufe ndiyo inayoamua kiwango cha chini cha usiku mzima: gitaa litapanda lizifikie, besi itapanda ifikie gitaa, na mwimbaji atabaki chini kabisa. Zungumza na mpiga dramu kabla ya kupima mitambo, kwa heshima, maana unamwomba abadilishe mkono wake. Fimbo za vijiti vilivyofungwa pamoja au brashi hupunguza sana bila kuua mapigo. Zulia la mita 2 kwa 2 chini ya dramu linasaidia na linazuia teke lisiteleze. Amplifaya ya gitaa iinuliwe au iegemezwe nyuma, imtazame mpigaji usoni. Ikikaa sakafuni inapiga magoti yake na masikio ya mteja wa mbele, naye mpigaji anaongeza kwa sababu hajisikii.

Katika kupima, ukumbi ukiwa mdogo, naanza na sauti ya kuimba. Wengi huanza na teke la dramu, wakifika kwa mwimbaji nafasi imeisha. Panga geni, yaani kiasi cha kukuza sauti inayoingia, ya maiki ya mwimbaji akiwa anaimba kwa nguvu atakayotumia usiku, si kwa kuhesabu “moja, mbili”. Kwenye mikisa ya kidijitali lenga wastani wa karibu desibeli -18, vilele visifike 0. Bonyeza kitufe cha kukata besi, kile cha 80 au 100 Hz (mitetemo kwa sekunde), kwenye kila maiki ya kuimbia: hapo chini hakuna maneno, kuna mtikisiko wa jukwaa na pumzi tu. Kisha pandisha hadi mluzi uanze kuchungulia, shuka desibeli 6, na hapo ndipo dari lako la usiku huo. Ala zote zipangwe chini yake. Mluzi unaovuma kama mtungi uko kati ya 200 na 500 Hz, unaolia kama filimbi uko karibu na 1,000, unaochoma sikio ni 2,000 hadi 4,000. Kata hapo kwa ekwalaiza, yaani vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti za juu, za kati na za chini, kwa upana mdogo, desibeli 3 hadi 6. Ukikuta umekata sehemu kumi, acha ekwalaiza, rudi ukasogeze spika.

Ukumbi mrefu hauhitaji spika kubwa mbele. Unahitaji ndogo mbili katikati ya safari, zikicheleweshwa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Spika ya ziada iliyo mita 12 kutoka zile kuu icheleweshwe milisekunde 35, uongeze 10 hivi juu yake, na sikio litaamini kila kitu kinatoka jukwaani. Ukisahau kuchelewesha, kila neno litasikika mara mbili.

Kuhusu kiwango, wakati watu wanakula nisingependa mezani pazidi desibeli 75. Zaidi ya hapo wanaanza kupaza sauti, jirani naye anapaza, bendi inaongeza, na ukumbi mzima unapanda. Étienne Lombard alilieleza jambo hilo mwaka 1911: mtu hupaza sauti bila kujua kelele inapomzunguka. Wakishaanza kucheza, panda. Lakini wafikirie wahudumu. Mteja anakaa saa mbili, mhudumu anakaa usiku mzima, kila wiki. Kiwango kinachotumiwa sana kulinda masikio ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, limeweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15. Vizibo vya masikio viwepo kaunta, na wahudumu waruhusiwe kuvivaa bila kuonekana wanaringa.

Jirani ni suala jingine, na paneli hazimsaidii. Paneli hutuliza mwangwi wa ndani. Besi inapita ukutani kama kawaida. Spika ya besi isiguse ukuta mnaochangia wala sakafu tupu, na milango iwe miwili yenye kibaraza kati yake, ili mmoja uwe umefungwa muda wote.

Mwisho umeme, na hapa sitaki mchezo. Mitambo yote na amplifaya za jukwaani zichukue umeme kwenye saketi moja, isiyo na friji wala taa za kufifiza. Mngurumo mwingi wa spika unatoka huko. Mngurumo ukiwepo, usikate waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa Stone the Crows alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, aliposhika maiki yenye umeme. Tumia kisanduku cha diai (DI), kinachokaa kati ya ala na mikisa, kutenganisha, na saketi ya jukwaa iwe na swichi inayojikata mvujo ukifika miliampia 30. Ijaribu kwa kitufe chake kabla ya kila onyesho.

Kuwasha, anza na mikisa, spika ziwe za mwisho. Kuzima, spika ziwe za kwanza. Na waya usiviringwe kiwikoni, nyuzi za ndani zinasokoteka na kukatika karibu na jeki. Mzunguko mmoja juu, unaofuata kwa kugeuza kiganja chini, kisha ufunge kwa kamba laini. Utakapoutupa kesho usiku utanyooka wenyewe hadi jukwaani.