Ukuta wa nyumba na shinikizo la damu
Hapa Lamu mjini, ambako kuta za mawe ya matumbawe ni nene na imara, mwenye shinikizo la damu hahitaji ukumbi wa mazoezi. Zoezi ninalolithamini kuliko yote, nami hulifanya baada ya sala ya alfajiri kabla joto halijazidi, ni kuegemeza mgongo ukutani, kushuka mpaka magoti yakunjike kama ya aliyeketi kitini, kutulia hapo kwa dakika 2, kupumzika, na kurudia hadi mara 4, siku 3 kwa wiki. Misuli inapokazwa huibana mishipa, na inapolegezwa damu hurudi kwa wingi, na inaaminika kuwa hali hiyo huizoesha mishipa kutanuka. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2023 ulionyesha kuwa mazoezi ya aina hii hushusha kipimo cha juu cha shinikizo la damu kwa takriban milimita 8 za zebaki (mmHg) na cha chini kwa 4. Nawasihi wazee wetu wasizuie pumzi, kwani shinikizo hupanda ghafla. Anayeanza ashuke kidogo tu, na anayetumia dawa asiziache bila idhini ya daktari.