Boti ya jeti iliyotumika na magugu ya Ziwa Viktoria

Wengi wanaonunua boti ya jeti iliyokwisha kutumika hapa Entebbe huuliza kwanza habari za injini, ilhali kwa maoni yangu kinachostahili kukaguliwa kwa makini zaidi ni pampu. Boti hii haina pangaboi la nje: maji huvutwa kupitia wavu wa chuma ulio chini yake, husukumwa na impela (gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu), kisha hutoka nyuma kwa kasi, kwa mfumo ambao William Hamilton wa New Zealand aliuendeleza katika miaka ya 1950 ili kupita kwenye mito yenye kina kifupi.

Adui mkubwa wa pampu katika ziwa letu ni magugu maji. Mizizi yake hujisokota kwenye mhimili wa impela, na injini hunguruma huku boti ikijikokota. Dalili hiyo hiyo huonekana pale mchanga na kokoto zinapokuwa zimekula kingo za impela, hata nafasi kati yake na pete inayoizunguka ikapanuka. Kila boti inapotolewa majini nazima injini, natoa ufunguo, kisha napitisha kidole kwenye kingo hizo taratibu. Zikiwa laini naridhika, zikikwaruza namwita fundi.

Nawasihi pia wanaoanza kuendesha boti hii wakumbuke kwamba hugeuzwa na maji yanayotoka kwa nguvu, kwa hiyo ukipunguza mafuta ghafla karibu na gati, usukani hautakutii.