Majina ya usiku

Juzi dogo mmoja kaniuliza, mzee zamani hizi apu za wanaume kutafutana wanaume hazipo mlikuwa mnakutana wapi, nikacheka, manake kukutana haikuwa shida kihivyo, shida ilikuwa mnaitana nani. Nina miaka 71, nimeanza kutoka usiku nikiwa na 22, na katika watu wote niliokunywa nao na kucheza nao, na wengine niliolala nao kabisa, wale ninaowajua kwa majina ya kweli hawafiki kumi.

Baa yetu haikuwa na kibao. Unapita uchochoroni, unagonga, kidirisha kinafunguka, jicho moja linakukagua, unataja jina lako la usiku ndo unaingia. Mimi niliitwa Karani kwa sababu siku ya kwanza nilitoka ofisini moja kwa moja nikiwa na tai na faili kwapani. Kulikuwa na Profesa ambaye sidhani hata kama alimaliza shule, kulikuwa na Mrefu, na rafiki yangu mkubwa aliitwa Bibi Harusi, mara moja tu kavaa suti nyeupe basi jina likamganda mpaka mwisho. Na wote tuliitana shoga, kama wanawake wanavyoitana marafiki, maana hilo neno huko nje lilikuwa tusi lakini mle ndani lilikuwa tamu.

Taa zilikuwa nyekundu, hafifu, na mwenye baa alikuwa na swichi chini ya kaunta. Akija mtu asiyemwelewa mlangoni anabonyeza, inawaka balbu nyeupe, hapo wanaume wote mnaachiana na kila mmoja anamdaka mwanamke aliye karibu. Dada zetu wasagaji walikuwepo watatu wanne kila Ijumaa, mimi nilikuwa namdaka mmoja dereva wa basi, ana mikono kama ya bondia, tumecheza kwa hofu mara nyingi mpaka leo tukipigiana simu ananiita mchumba. Nilidhani ile balbu ni akili ya mwenye baa wetu, kumbe baadaye sana nikasoma kwamba hata Stonewall Inn, ile baa ya New York waliyoivamia polisi usiku wa manane tarehe 28 Juni 1969 mambo yakalipuka, nao waliwasha taa nyeupe hivyohivyo. Waoga wote wana akili moja bana.

Majina ya bandia yalitulinda. Ukikamatwa ukakutwa na daftari lenye namba, limeandikwa Profesa na Mrefu, watamtafuta nani? Mtu alipoteza kazi na chumba siku moja. Na usidhani madaktari walikuwa upande wetu, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa na sisi ndani mpaka Mei 1990, nilikuwa na miaka 36 nilipopona bila kidonge hata kimoja.

Lakini majina hayohayo ndo yalikuja kutuadhibu. Juni 1981 Marekani walitangaza habari za vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia ya ajabu, ugonjwa ambao baadaye ndo ukaitwa Ukimwi, sisi tukaona ya huko hayo. Miaka michache baadaye Bibi Harusi akakosekana Ijumaa mbili. Nikaambiwa yuko hospitali, nikaenda, nesi wa mapokezi akachukua kalamu akaniuliza, jina la mgonjwa?

Nilisimama pale. Miaka tisa ya urafiki na sina jina. Nikasema ni mwembamba, ana cheko kubwa, nesi akaniambia kaka, wote huko ndani ni wembamba. Nikaanza kuchungulia wodi moja moja kupitia vioo vya milango mpaka nikasikia sauti, we Karani, umepotea? Kwenye kitanda kulikuwa na kadi, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, jina la kawaida kabisa, la kizee. Akaona macho yangu yalipoenda. Akasema, usije ukaniita hivyo.

Sikumwita. Msibani kaka yake aliniuliza mlijuana vipi, nikasema tulifanya kazi pamoja, akauliza ofisi gani, nikataja yangu. Akanishukuru kwa niaba ya familia.

Dawa za mchanganyiko zilipokuja 1996 Mrefu alikuwa bado yupo, akazipata, yupo mpaka leo na kisukari chake anakilalamikia kuliko virusi. Profesa hakufika.

Baa ilifungwa, sijui pale pana nini siku hizi, sijapita. Ila yule dogo aliyeniuliza, siku ya kwanza tunakutana, mchana kweupe, watu wamejaa, kanipa mkono akanitajia majina yake yote matatu kwa sauti. Na mimi nikageuka nyuma kuangalia nani amesikia.