Sukuma kushoto, uende kushoto

Nimeendesha pikipiki miaka sita bila kujua inakataje kona. Sio kwamba nilikuwa naanguka hovyo, hapana, kona nilikuwa nakata vizuri tu kila siku, ila mikono ndo ilikuwa inajua, kichwa hakijui. Sasa siku mikono ilipoingiwa na hofu ikasahau, na kichwa hakikuwa na cha kuiambia.

Ilikuwa barabara ya Lushoto, nashuka Mombo. Walioipita wanaijua, kilomita 33 hivi, unashuka karibu mita 1,000, mlima upande mmoja korongo upande wa pili, kona moja haijaisha nyingine ishaanza. Nimeshapita Soni, nikaingia kona ya kushoto na spidi kubwa kuliko kona yenyewe, kufika katikati kona inazidi kujikunja na mbele lori linapanda. Nikauvuta mkono wa kushoto wa usukani kwa nguvu zote, kama mtu anayezungusha stelingi ya gari. Pikipiki ikanyanyuka, ikasimama wima, ikaanza kwenda KULIA. Kwenye lori! Dereva wa lile lori Mungu ambariki, alibana pembeni mwake kabisa nikapita. Nikasimama mbele nikakaa kwenye jiwe, miguu haina nguvu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mtaani kwetu, bwana shamba mstaafu, amepanda milima kwa pikipiki tangu ujana wake. Nilipomsimulia akasema, "Kijana wangu, hapo wewe mwenyewe ndo uliipeleka kwenye lori." Nikabisha sana. Akanipeleka barabara iliyonyooka, haina magari, akasema nenda spidi 40, halafu kiganja cha kushoto kisukume mbele kidogo tu, usifanye kingine. Nikasukuma. Kwa akili ya kawaida tairi linageukia kulia, kwa hiyo twende kulia si ndio? Pikipiki ikalala kushoto ikaenda kushoto, laini kabisa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kumbuka ule mchezo wa utotoni wa kusimamisha fimbo kwenye kiganja. Ukitaka fimbo iende kushoto huanzi kwa kupeleka mkono kushoto, ukifanya hivyo fimbo inaangukia kulia. Unachomoa mkono kwenda kulia kidogo, fimbo inainamia kushoto, ndo unaifuata. Pikipiki ni fimbo ile ile na tairi ndo kiganja. Ukisukuma mkono wa kushoto, tairi la mbele linatoka chini yako kwenda kulia, wewe na pikipiki mnainamia kushoto, halafu tairi lenyewe linarudi kuangalia kushoto kufuata mwinamo. Hiyo ya kurudi lenyewe unaweza kuiona sasa hivi hata kwa baiskeli, ishike kwenye siti tu, ilaze kushoto, uone tairi la mbele linavyogeuka. Baada ya hapo uzito unaokuvuta chini na ile nguvu ya kukutupa nje ya kona zinalingana, na pikipiki inatulia imelala.

Na hili sio jambo jipya. Wilbur Wright, yule aliyetengeneza ndege na mdogo wake, walikuwa na duka la baiskeli Dayton huko Marekani, na aliwahi kuuliza waendesha baiskeli wengi tu wanageukaje, akaona wanafanya kitu ambacho wenyewe hawajui kama wanakifanya. Zaidi ya miaka 100 imepita na sisi vijiweni bado tunafundishana klachi, gia, breki, basi, haya kabebe abiria. Hii inaniuma kweli, maana dogo akikutana na gari ghafla atafanya kile kile nilichofanya mimi, na sio kila dereva wa lori atawahi kubana.

Kwa spidi ya kutembea, kama unageuza pale kijiweni, usukani unauzungusha unakotaka kwenda na habari imeisha. Spidi ikipanda ndo mambo yanabadilika, na hapa namba zinatisha. Chukua kona ambayo ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 30. Kwa spidi 20 inatakiwa ulale kama digrii 6, huoni hata. Kwa 40 ni digrii 23. Kwa 60 ni digrii 43! Wale wa mashindano ya MotoGP wanapita digrii 60, ila tairi zao na lami yao sio hizi zetu, sisi lami ina mchanga na mafuta yaliyomwagika, na tairi limeshalika katikati likawa bapa, ukililaza linashtuka linapofika ule ukingo. Kwa hiyo breki shika kabla, pikipiki ikiwa wima, maana ukibana ya mbele katikati ya kona pikipiki inanyanyuka na kutoka nje ya kona, au tairi linateleza kabisa. Na macho yaangalie kona inakoishia. Ukilikodolea macho lori unalifuata, mimi nililiangalia lile lori muda wote.

Halafu kona ya kulia usiukumbatie mstari wa katikati. Sisi tunapita kushoto, ukiwa umelala kulia tairi ziko upande wako lakini kichwa kiko upande wa wenzako.

Siku hizi abiria akipanda namwambia kabla sijawasha, mama au kaka, nikilala lala na mimi, usijinyooshe kwenda upande wa pili. Aliyekaa upande mmoja na mzigo mapajani simuombi chochote, napunguza tu mpaka 20.